Treni ya Mifupa ya Miavuli

Nianze na ujinga wangu, maana habari ya kifo mmekwisha kuisikia. Mzee fundi wa miavuli, yule wa kwenye njia ya kwenda Kalundu, alifariki kitandani mwake akiwa amevaa soksi nzuri, na mimi ndiye niliyemwita mwongo katika safu hii hii, kwenye ukuta huu huu, karatasi ya tatu kutoka dirisha la prefe, mkuu wetu wa shule. Wasomaji wangu wa kila wiki, ninyi mnaosimama hapa wakati wa rekreasio mandazi mkononi na kunipaka karatasi mafuta, mtakumbuka. Niliandika kwamba mji wetu umejaliwa wasafiri watatu wakubwa: kijana anayeijua Paris kwa simu, shemasi aliyeota amefika mbinguni akarudishwa kwa sababu alisahau funguo nyumbani, na mzee mmoja aliyepanda treni hapa hapa Uvira. Nikaongeza kuwa bingwa ni huyo wa tatu, kwa sababu Paris ipo, na mbingu wanasema ipo, lakini reli ya Uvira hata panya hajawahi kujikwaa juu yake. Mlicheka. Mwalimu wa fizikia alicheka hadi akavua miwani. Mimi nilicheka kuwapita wote, na sikuwa nimemuuliza yule mzee hata swali moja.

Utani katika mji huu hauhitaji gari. Ule wangu uliondoka hapa ukutani saa nne, saa sita ulikuwa sokoni, na kabla ya jua kuzama watoto wa mtaa wake walikuwa wakimwona tu wanavuta kamba isiyokuwepo hewani na kulia kuu-kuuu. Mzee huyu alikuwa na desturi moja: ukimpelekea mwavuli uliovunjika, unarudi nao mzima pamoja na kipande cha safari. Leo anakusimulia daraja, kesho anakusimulia jinsi moshi ulivyokuwa ukichafua nguo zilizoanikwa za watu wa bondeni. Baada ya karatasi yangu alinyamaza. Watu waliendelea kupata miavuli yao, lakini mitupu. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Alirudi siku hiyo, akauweka mwavuli mezani, akanitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia kumenya.

"Ule mzee amenyamaza," alisema. "Toka nimeolewa hapa, anashona mwavuli anasema, anashona anasema. Leo ameshona tu. Nimeuliza batoto pale barabarani. Banasema muntu alimuzima ni mutoto wangu."

Sikio langu sasa liko juu kuliko mkono wake, kwa hiyo alinishika mkanda wa suruali, na kwa mkanda huo tukapita barabara nzima hadi kwa mzee, mimi nikiwasalimu wanafunzi wenzangu kana kwamba ni matembezi.

Tulimkuta barazani, amekaa chini ya mwavuli wake mwenyewe wenye viraka vya rangi sita. Mama akanisukuma mbele. "Mzee, mwandishi njo huyu."

Alinitazama kwanza miguu, halafu uso. "Weye njo uliandika ile karatasi?"

"Ndiyo, mzee."

"Mwandiko ni muzuri. Ile ya funguo za mbinguni, minye pia nilicheka." Akanyoosha waya mmoja, akauma uzi. "Sasa unasema treni haikukuwa."

"Sikuiona, mzee."

"Na babu yako, baba ya baba yako, ulimuona?"

"Hapana. Alikufa mbele nizaliwe."

"Basi na yeye hakukuwa."

Mama alikohoa kile kikohozi chake cha kuficha furaha. Mzee akaendelea, bila hasira hata kidogo, na hilo lilinitisha zaidi. "Asubuhi shuleni wanagonga nini, muingie?"

"Chuma."

"Chuma gani?"

"Chuma tu, mzee. Kimening'inizwa."

"Kesho ukitazame vizuri."

Wasomaji wangu, msiendelee kusoma. Geukeni nyuma yenu, mtazame kile chuma kinachotuita kila asubuhi, kile ambacho mimi huwa nakisikia nikiwa bado njiani nakimbia. Kitazameni mwisho wake, pale kilipokatwa. Juu kina kichwa cha mviringo, katikati kiuno chembamba, chini mguu mpana. Ni kipande cha reli. Kilikuwa kikilia juu ya vichwa vyetu siku ile mlipokuwa mnacheka kwamba Uvira haijawahi kuwa na reli. Kesho yake nilisimama chini yake mdomo wazi, na mwalimu wa nidhamu aliniandika jina kwa kuchelewa ingawa kwa mara ya kwanza mwaka huo nilikuwa nimefika wa kwanza.

Nilirudi kwa mzee kuomba msamaha na kumwahidi masahihisho ukutani wiki hiyo hiyo. Alikataa vyote viwili. "Pole haijengi kitu," alisema. "Na ukisahihisha sasa, batasema mama yako alikupiga. Sikia. Minye nitajenga ile treni, namna niliiona, toka Kalundu mpaka Kamanyola. Kila siku ya posho uje na kaye. Ukae pale. Nikidanganya, uandike. Nikimaliza, ubandike yote kwa ukuta wenu, ya kweli na ya uwongo, bantu basome." Hivyo ndivyo nilivyopewa kazi ambayo hakuna shule inayoifundisha: kukaa kila Jumamosi katika chumba cha mtu na daftari, nikimvizia adanganye. Na yeye alikuwa ameweka rehani jina lake lote juu ya daftari hilo.

Reli hiyo, kwa wale wasiojua kama nilivyokuwa mimi, ilitoka bandarini Kalundu ikapanda bonde la Ruzizi, ikafanya kazi miaka kadhaa, kisha ikafungwa na vyuma vikang'olewa babu zetu wakiwa watoto. Baba yake mzee alikuwa mtia kuni kwenye kichwa cha treni. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa kufikia mkanda wa baba, na siku ambazo mama yake alikuwa shambani alipakiwa kwenye behewa la mwisho pamoja na mizigo, akatazama nchi yote ikirudi nyuma. Kwa hiyo bonde la Ruzizi alilijua kinyumenyume. Ukimwuliza kinachokuja baada ya daraja, alifumba macho, akageuka kwenye kiti chake, akaangalia ukutani, ndipo akakujibu.

Treni ilijengwa juu ya milango mitatu ya zamani iliyounganishwa na kulazwa juu ya viti vya plastiki katika chumba chake cha mbele, na tangu siku hiyo wageni wake wote walikaa nje. Mwavuli ukifa unaacha mifupa minane. Kila mfupa ni chuma chembamba chenye mfereji katikati, na ukiulaza kifudifudi ukaunyoosha vizuri, unapata reli ambayo hata bandarini wasingeikataa. Maisha yake yote alikuwa akitupia mifupa hiyo pembeni ya nyumba, mwanawe akilalamika kwamba inachoma kuku miguu; sasa ikawa njia kuu. Mataruma, yale magogo ya kulalia reli, yalikatwa kutoka kandambili zilizokufa. Mabehewa yalikuwa makopo ya sardini, kichwa cha treni kopo la tomato, magurudumu vifuniko vya soda, na bomba la moshi lilikuwa kifuniko cha rangi ya mdomo cha binti yake, ambaye alikitafuta wiki mbili. Milima tuliifanya kwa magunia yaliyochovywa katika uji wa simenti. Gundi ilikuwa uji wa muhogo, na usiku wa kwanza panya walikuja wakala daraja zima pamoja na mataruma kumi na moja. Kwa hiyo nasahihisha rasmi: panya wa Uvira wamekwisha kujikwaa juu ya reli, na waliipenda.

Sheria yake ilikuwa moja: kisichokuwako hakiwekwi. Mimi na sheria mnajua jinsi tunavyopatana. Jumamosi moja nilikuja na pikipiki ndogo ya plastiki niliyoitoa kwa mdogo wangu kwa mabavu, nikaiegesha kimya kimya kwenye kivuko cha Kiliba. Alikaa nusu saa akibandika majani ya miwa yaliyokatwa kutoka nailoni ya kijani, kisha bila kuinua kichwa akasema, "Hii pikipiki ilipita pale mwaka gani?" Nikasema huenda ilikuwa ya mzungu. "Mzungu gani?" Nikairudisha pikipiki mfukoni. "Andika kwa kaye. Uwongo wa kwanza. Na jina lako pembeni." Ndivyo ilivyo hadi leo: ukurasa wa kwanza wa daftari la kukamata uwongo wa mzee una jina langu.

Ziwa nalo lilileta maneno. Alikata bâche ya bluu, turubai la plastiki, akaiweka mbali sana na reli, na mimi nikadhani nimempata, kwa sababu sisi wote tunajua maji yalipo sasa. Wengine wenu mmekwisha kuvua samaki pale mlipofundishwa kutembea. Jirani mmoja, mama ambaye nyumba yake ziwa liliichukua lilipopanda, alikuwa amekuja na mwavuli. Alisimama mlangoni akatazama ile bâche muda mrefu. "Maji ilikuwa mbali hivi?" Mzee akasema ilikuwa mbali hivyo. Akanyoosha kidole taratibu, akahesabu barabara, akagusa mahali pamoja kando ya reli. "Basi kiwanja chetu iko hapa. Na ni pakavu." Mzee akasema pakavu kabisa, lakini nyumba yako siwezi kuweka, mama, ilikuwa bado. Yule mama akasema nyumba aiache, ardhi inatosha. Tangu hapo alikuja kila Jumamosi kuangalia kiwanja chake kikavu, na hakuja mikono mitupu. Treni yetu ilijengwa kwa ndagala zake, wale dagaa wa ziwani, na kwa hilo hata leo inanukia vizuri.

Sasa nifike kwa mtu wa kuku. Katika eneo la Runingu, upana wa kiganja kimoja nyuma ya behewa la mwisho, mzee alisimamisha mtu wa kijiti aliyemchonga mwenyewe. Amenyanyua goti, anakimbia. Kofia mkono wa kulia. Kwapani kushoto kuku mweupe, ambaye kwa hakika ni punje ya haragi, haragwe jeupe. Suruali ni ya kaki, mguu mmoja umekunjwa hadi gotini, mwingine umeachwa. Nilimwuliza ni nani. Alisema hajui jina. Alichojua ni kwamba kila Alhamisi, treni ikiondoka Runingu kurudi Uvira, mtu huyo alitokea mashambani akikimbia na kuku wake, na hakuna Alhamisi hata moja aliyoiwahi treni hiyo.

"Mzee, hapa nimekukamata," nikafungua daftari. "Kila wiki anachelewa? Hakuna muntu mujinga namna hii."

Alichukua koleo yake, akairudisha mahali pake. "Leo nilikuambia ufike saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Na weye umefika saa ngapi?"

Niliangalia dirishani. "Saa nne na kitu."

"Na kuku iko wapi?"

Sikuandika uwongo. Niliandika alama ya kuuliza, kubwa, wino mwekundu. Ilikuwa alama pekee. Miezi ilipita, milango mitatu ikajaa, mota ya radio-kaseti ikafungwa ndani ya kopo la tomato, na siku tuliyounganisha betri ya taa ya jua treni iliondoka Kalundu kwa mwendo wa konokono aliyeshiba, ikavuka daraja lisilolika tena, ikapita Runingu, ikaenda kugonga ukuta huko Kamanyola. Mzee alipiga makofi mara moja tu, pa, kama mtu anayefunga kitabu. Katika kaye nzima kulikuwa na pikipiki yangu, hesabu ya mabehewa ambayo alijisahihisha mwenyewe kutoka matano hadi manne, na mtu wa kuku.

Kisha miguu ikaanza kuvimba, na Jumamosi zikahamia kando ya kitanda. Siku moja aliniambia nisome daftari lote, mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye wino mwekundu alifumba macho, akageuka ukutani kama alivyozoea. "Ile ya kuku," alisema, "minye nilikuwa mutoto. Pengine nilimuona mara moja, na roho ikamurudisha kila wiki. Pengine nilimuota tu."

"Nifute, mzee?"

"Huna shahidi. Na minye sina. Siku ya kubandika, andika pale: uwongo."

Ninyi mnanijua; mimi sipendi kuandika mambo ya machozi, yanalowesha karatasi. Niseme tu kwamba mtu aliyeweza kukubali mataruma kumi na moja kuliwa na panya bila kusema neno, alisema sentensi hiyo kwa shida. Alikuwa amenionyesha nchi nzima na nikaikubali, na bado kijiti kimoja chenye haragi kwapani kilimfanya ajione kama vile karatasi yangu ilivyomwita. Nilimwahidi nitaandika alivyotaka. Halafu, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kuchelewa, nilichelewa kwa kusudi. Wiki ya kwanza nilisema wino umekwisha. Wiki ya pili nilisema prefe hana pini. Wiki ya tatu mzee akaondoka.

Kwenye matanga yake tulicheka sana, na asiyejua desturi zetu asituhukumu. Mzee akifariki ameshiba siku, wajukuu wana ruhusa. Siku ya kuondoa matanga mjukuu wake mmoja alivaa kofia ya marehemu, akachukua ule mwavuli wa viraka sita, akatembea katikati ya watu kwa mwendo wake kamili, akimwuliza kila mama, "Huu mwavuli nani aliua?" Wamama waliokuwa wakimenya ndizi walishika mbavu. Ndipo wakadai treni. Wanaume sita waliibeba milango mitatu hadi uani, mlima mmoja ukaanguka na kurudishwa, na mimi nikaitwa kuunganisha betri, kwa kuwa ndiye pekee aliyejua waya gani unachoma. Mjukuu akawa mtangazaji. Alionyesha bandari, daraja, miwa ya Kiliba. Alipofika bondeni akasema, "Na pale Runingu, mabibi na mabwana, kulikuwa muntu alikuwa anakosa treni kila Alhamisi na kuku kwapani." Watu wakacheka.

Mwanamke mzee mmoja nyuma ya sufuria hakucheka. Alikuwa mgeni, mkulima wa huko huko Runingu, shangazi ya mke wa mtoto wa marehemu. Alikuja kwa ajili ya mpwa wake na mfuko wa mihogo, hakuwahi kumwona marehemu wala milango yake. Aliweka kisu chini. "Muntu gani wa kuku?" aliuliza.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu na kile kijiti. Nakiri kwamba jambo la kwanza lililonijia lilikuwa utani, na ulikuwa mzuri. Niliumeza. Niliweka kiganja changu juu ya mtu wa kuku, nikamfunika wote, nikafanya kile ambacho sikukifanya siku ile nyingine. Nikauliza.

"Mama, mbele umuone, utuambie. Alivaa namna gani?"

"Kofia haikukaa kichwani, alikuwa anaishika na mukono. Suruali ya kaki. Muguu moja amekunja, ingine hapana."

Sikuondoa kiganja. "Kwa nini mmoja tu, mama?"

"Kulikuwa mufereji ya mupunga, anapita njia ya mukato. Anakunja muguu ya kwanza. Mbele akunje ya pili, treni inalia."

Niliondoa kiganja. Alikuja akipita kati ya watu, akainama juu ya mlango wa pili, akasema polepole, "Data." Wale msiojua Kirundi, maana yake ni baba yangu. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumbo, hadi mama yangu, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka wa jirani, akamshika kiuno asiangukie Kamanyola.

Na hapo, wasomaji, nikafanya ujinga mwingine, ingawa huu ulikuwa na moyo mzuri. Nilimng'oa mtu wa kuku kutoka kwenye msumari wake. Nilitaka kumweka ndani ya behewa la mwisho, apande hatimaye, baada ya miaka yote hiyo, mbele ya binti yake. Yule mama alinipiga kofi mkononi.

"Umurudishe pale alikuwa."

"Mama, nilitaka aipate."

"Nani alikuambia sisi tulitaka aipate? Ule kuku alikuwa anapelekea mama mukwe yake, Uvira. Kila wiki mama yetu anamufungia kuku, anamutuma. Unajua namna mukwe anaogopa mama mukwe. Hawezi kumuangalia, hawezi kula mbele yake, anakaa pale kama kiti. Basi treni inalia, anakosa, anarudi na kuku, na kuku yenyewe imechoka na mbio. Tunaikula. Sisi batoto, siku ya Alhamisi tulikuwa tunaomba Mungu treni iwahi." Alikichukua kile kijiti mkononi mwangu, akamfuta vumbi goti. "Na data alijua mbio. Siku ng'ombe ya jirani iliingia mahindi, hakuna kijana alimupita."

Sijawahi kusikia matanga yakicheka namna ile. Hata binti wa marehemu, aliyekuwa hajainua kichwa tangu mazishi, alicheka huku anajipangusa kwa kitenge, kisha akaenda kukitazama kifuniko chake cha rangi ya mdomo kana kwamba anakisamehe. Mimi nilichukua daftari mfukoni. Nilifuta ile alama nyekundu kwa kisu, na kwa kuwa wino ulikuwa umeingia ndani, karatasi ilitoboka. Limebaki tundu. Nimeibandika hapo chini kama ilivyo, na kaye yote iko pembeni yake, ya kweli na ya uwongo, kama alivyoagiza. Uwongo ni mmoja, ni pikipiki, na ni wangu.

Nimekuwa nikifikiri tangu siku hiyo, jambo ambalo walimu watathibitisha si kawaida yangu. Kitabu chetu cha jiografia kina picha ya treni, ya nchi nyingine, ikipita juu ya theluji, na tumejua majina ya vituo vyake tukayaandika kwenye mtihani. Ile iliyopita mahali tunaponunulia mandazi hakuna aliyetuuliza, na ilipotajwa na mtu aliyeipanda tulimlilia kuu-kuuu. Tunadhani kisichokuwa kwenye simu hakikuwako. Lakini mji huu umejaa watu wanaoushika vichwani mwao: nani alikaa wapi kabla maji hayajapanda, mfereji ulipita wapi, nani alikimbia kwa kweli na nani alikimbia kwa kujifanya. Hawana ofisi. Wanashona miavuli, wanauza ndagala, wanamenya ndizi nyuma ya sufuria kwenye matanga ya mtu wasiyemjua. Na fundi yule alinifundisha kwamba kumbukumbu haitengenezwi kama mwavuli. Ukiona imechanika usiitie kiraka kizuri kutoka mfukoni mwako. Iache na mguu wake mmoja wa suruali, kwa sababu pengine huo mguu ndio shahidi. Wahenga walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Huko Runingu walichelewa kila Alhamisi, na kuku akabaki wao.

Jioni hiyo, tukirudi nyumbani kwa miguu, nilimwambia mama kwamba sasa nitaandika, na kwamba nitasema wazi nilikuwa mjinga. Alitembea, mwavuli wake kwapani kama mtu wa kuku. Kisha akasema:

"Andika. Halafu siku ya posho utapelekea ule mama kuku, kule Runingu, umushukuru. Gari inatoka saa moja. Na ukiikosa, usijitese na mbio. Rudi na kuku, tutaikula."